Takwimu za shule na waandishi wanaozichunguza: mwongozo kwa wazazi wakimbizi na wenyeji

Ukurasa huu unaeleza kazi ya waandishi wa habari wanaotumia takwimu kuchunguza ukosefu wa usawa katika elimu. Utasoma mifano ya uchunguzi uliobadilisha mambo, namna ya kusoma takwimu za shule ya mtoto wako, sheria zinazokuruhusu kuomba taarifa nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na mambo ya kuangalia mwandishi anapokuja kukuhoji.

Uandishi wa habari za takwimu ni nini?

Mwandishi wa kawaida huanza na tukio au maneno ya mtu. Mwandishi wa habari za takwimu huanza na rekodi: matokeo ya mitihani, orodha za walimu, bajeti, idadi ya wanafunzi na madarasa. Huzikusanya, huzipanga kwenye kompyuta, huzilinganisha shule kwa shule na mwaka kwa mwaka, kisha hutafuta mahali ambapo namba hazilingani na ahadi. Baada ya hapo hutoka kwenda kuwauliza wazazi, walimu, wanafunzi na wakubwa wa elimu kwa nini iko hivyo.

Kazi hii ina sehemu mbili, na moja bila nyingine haitoshi. Mzazi mmoja akilalamika kwamba darasa la mwanawe limejaa, ofisa anaweza kusema hiyo ni shule moja tu. Orodha ya shule zote ikionyesha jambo lilelile, jibu hilo halitoshi tena. Lakini namba peke yake haisemi sababu. Sababu zinajulikana na watu wanaoishi pale.

Kwa nini jambo hili linakuhusu?

Idadi ya madarasa yanayojengwa, walimu wanaoajiriwa na vitabu vinavyonunuliwa hupangwa kwa kufuata takwimu. Mtoto asiyehesabiwa hana dawati katika mpango. Hii ni kweli kwa mtoto mkimbizi na kwa mtoto wa mwenyeji anayeishi jirani na makazi.

Kimataifa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) hutoa ripoti ya elimu mara kwa mara. Ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba uandikishaji wa wakimbizi ulikuwa asilimia 61 katika shule za msingi, asilimia 23 katika sekondari na asilimia 1 katika elimu ya juu. Pengo hilo la mwisho ndilo lililofanya UNHCR na washirika wake kujiwekea lengo la kufikisha asilimia 15 ya vijana wakimbizi katika elimu ya juu ifikapo mwaka 2030. Bila mtu kuhesabu na kuandika ile asilimia 1, lengo hilo lisingekuwa na mahali pa kuanzia.

Mfano wa kwanza: shule tano za Florida, Marekani

Mwaka 2015 gazeti la Tampa Bay Times lilichapisha uchunguzi kuhusu shule tano za msingi katika kaunti ya Pinellas, jimbo la Florida. Mwaka 2007 bodi ya elimu ya kaunti hiyo iliacha mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe, ikaamua watoto wasome shule za karibu na nyumbani. Kwa kuwa mitaa yenyewe ilikuwa imegawanyika, shule tano zikabaki na watoto ambao wengi wao walikuwa weusi na maskini. Viongozi waliahidi kuzipa shule hizo fedha na msaada wa ziada, na ahadi hiyo haikutimizwa.

Waandishi walichambua mamilioni ya rekodi. Waligundua kwamba kati ya wanafunzi weusi waliofanya mtihani katika shule hizo, asilimia 95 walikuwa wanashindwa kusoma au hesabu kwa kiwango kilichotakiwa. Walionyesha pia kwamba kabla ya 2007 shule hizo hazikuwa hivyo. Hapo ndipo uchunguzi ulipopata nguvu. Kama shule zingekuwa mbaya tangu zamani, mtu angeweza kuwalaumu wazazi au umaskini. Rekodi za miaka mingi zilionyesha kwamba shule ziliporomoka baada ya uamuzi wa watu waliokuwa ofisini.

Waziri wa Elimu wa Marekani wa wakati huo, Arne Duncan, alikwenda kuzungumza na wazazi huko. Mwaka 2016 waandishi watatu wa habari hiyo, Michael LaForgia, Cara Fitzpatrick na Lisa Gartner, walipata tuzo ya Pulitzer.

Mfano wa pili: namba moja iliyowafungia watoto mlango, Texas

Sheria ya Marekani inataka kila mtoto mwenye ulemavu apewe elimu maalumu anayohitaji. Mwaka 2004 ofisi ya elimu ya jimbo la Texas iliweka kiwango: wanafunzi wanaopata elimu maalumu wasizidi asilimia 8.5. Wilaya zilizozidi zilipunguziwa alama zilipokaguliwa. Kiwango hicho hakikutangazwa kwa wazazi.

Mwaka 2016 mwandishi Brian M. Rosenthal wa gazeti la Houston Chronicle alilinganisha Texas na majimbo mengine. Wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu asilimia 13. Texas ilikuwa imeshuka hadi asilimia 8.5, chini kuliko jimbo lolote. Haiwezekani watoto wa Texas wawe na ulemavu pungufu kiasi hicho. Kilichopungua ni idadi ya waliokubaliwa kupewa huduma.

Mwaka 2017 jimbo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kiwango cha aina hiyo. Januari 2018 serikali kuu ya Marekani ilitangaza kwamba Texas ilikuwa imevunja sheria.

Kuna somo hapa kwa mzazi yeyote. Namba nzuri kwenye ripoti inaweza kuwa na maana kwamba shida imepungua. Inaweza pia kuwa na maana kwamba watu wameacha kuhesabiwa. Uliza kila mara ni ipi kati ya hizo mbili.

Afrika Mashariki: kuhesabu kutoka nyumbani

Mwaka 2009 mpango wa Uwezo ulianzishwa Kenya, Tanzania na Uganda, ukifuata mfano wa utafiti wa ASER ulioanza India mwaka 2005. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto jaribio dogo la kusoma na hesabu la kiwango cha darasa la pili. Matokeo yaliwashtua wengi: katika nchi zote tatu, wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kazi ya darasa la pili.

Jambo la kuangalia ni mahali jaribio lilipofanyika. Lilifanyika nyumbani. Mtihani wa shuleni huwapima waliofika shuleni tu. Aliyeacha masomo, anayechunga mifugo, anayelea wadogo zake au aliyekosa sare haonekani katika matokeo ya shule, lakini anaonekana ukibisha hodi nyumbani kwao.

Uganda nayo ilionyesha umuhimu wa kuhesabu upya. Kati ya Machi na Oktoba 2018, serikali na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na picha ya mboni ya jicho. Kabla ya hapo ilisemwa kwamba nchi ina wakimbizi wapatao milioni 1.4. Baada ya uhakiki walithibitishwa takriban milioni 1.1. Si kila jina lililopungua lilikuwa la udanganyifu, kwani wengine walikuwa wamehama, wamerudi kwao au wamefariki. Lakini mipango yote inayogawanywa kwa kila kichwa, shule zikiwemo, hutegemea namba hiyo.

Namna ya kusoma takwimu za shule: maswali matano

*1. Je, hii ni wastani?* Wastani huficha. Chukua mfano wa kubuni wa shule mbili katika wilaya moja. Shule A ina wanafunzi 1,000 na walimu 20, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 50. Shule B ina wanafunzi 900 na walimu 6, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 150. Ukiziunganisha unapata wanafunzi 1,900 na walimu 26, karibu wanafunzi 73 kwa mwalimu mmoja. Ripoti ya wilaya itaandika 73. Hakuna shule hata moja kati ya hizo mbili yenye namba hiyo, na mzazi wa Shule B hatajiona humo.

*2. Asilimia ya nani?* Shule ikisema asilimia 90 wamefaulu, uliza ni asilimia 90 ya waliofanya mtihani au ya walioanza darasa la kwanza. Kama watoto 100 walianza, 40 wakafika mtihani na 36 wakafaulu, hiyo ni asilimia 90 ya waliofanya mtihani, lakini ni asilimia 36 ya walioanza.

*3. Ameandikishwa au anahudhuria?* Daftari la Januari linaweza kuwa na majina 120. Siku ya mgao wa chakula au msimu wa kulima, wanaokaa darasani wanaweza kuwa nusu. Tena, kiwango cha jumla cha uandikishaji huhesabu wanafunzi wa umri wowote na kuwalinganisha na idadi ya watoto wa umri wa shule. Kwenye makazi ya wakimbizi, ambako wengi wamepoteza miaka ya masomo, kijana wa miaka 17 anaweza kuwa darasa la sita. Kwa hiyo kiwango hicho kinaweza kuonekana kikubwa, hata kupita asilimia 100, huku watoto wadogo wengi wakiwa bado nyumbani.

*4. Je, imegawanywa?* Jumla moja haitoshi. Omba namba za wasichana na wavulana, wakimbizi na wenyeji, watoto wenye ulemavu, na kila darasa peke yake. Mara nyingi pengo huonekana katika madarasa ya juu, wasichana wanapoanza kupungua.

*5. Ni mtaala upi?* Nchini Kenya na Uganda, watoto wakimbizi husoma mtaala wa nchi na kufanya mitihani ya taifa. Nchini Tanzania, shule za makambini kama Nyarugusu zimekuwa zikifundisha mitaala ya Kongo na Burundi. Ukitafuta shule hizo katika orodha za matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutaziona, na kutoonekana huko hakuna maana kwamba hazipo au hazifanyi vizuri. Usilinganishe vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja.

Nani ana haki ya kuomba taarifa?

Nchi zote tatu zina sheria ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma:

- Kenya: Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na halitozwi ada, ingawa unaweza kulipia nakala. Asiyeweza kuandika anapaswa kusaidiwa na ofisa. Ukinyimwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.
- Uganda: Sheria ya mwaka 2005. Muda wa kujibu ni siku 21.
- Tanzania: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Muda wa kujibu ni siku 30.

Soma sehemu hii kwa makini: sheria zote tatu zinatoa haki hiyo kwa raia. Mkimbizi hawezi kuzitumia kwa jina lake. Jirani yake mwenyeji anaweza.

Kwa sababu hiyo ni vizuri wazazi wakimbizi na wenyeji wafanye jambo hili pamoja. Watoto wao wanakaa darasa moja na kufundishwa na mwalimu yuleyule. Wakimbizi wanaweza kusaidia kuandaa maswali, na mzazi mwenyeji akaweka sahihi kwenye barua. Taarifa itakayopatikana itakuwa na faida kwa wote.

Barua haihitaji maneno mengi. Nchini Kenya inaweza kuwa hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya na mzazi wa mwanafunzi katika shule ya msingi ya ______. Kwa kufuata Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba idadi ya wanafunzi, walimu, madarasa na vyoo katika kila shule ya msingi ya kaunti ndogo ya ______ kwa mwaka ______. Naomba namba za shule moja moja, si jumla, zikigawanywa kwa wasichana na wavulana."

Weka nakala, andika tarehe uliyoipeleka na jina la ofisi iliyoipokea. Usiombe majina ya wanafunzi.

Mkimbizi asiye na jirani wa kumsaidia bado ana njia nyingine: mkutano wa wazazi shuleni, kamati ya shule, mkutano wa viongozi wa bloku, na shirika linaloendesha shule. Hakuna sheria inayokuzuia kuuliza swali kwenye mkutano. Takwimu nyingi za UNHCR pia zimewekwa wazi kwenye tovuti yake ya takwimu, ambako yeyote anaweza kuzisoma.

Mnaweza kuhesabu wenyewe

Kamati ya wazazi inaweza kufanya hesabu ndogo ambayo mwandishi au ofisa ataiamini, ikifuata mambo haya:

- Ombeni ruhusa ya mwalimu mkuu kwanza. Mwalimu naye huumia darasa likijaa, na mara nyingi atafurahi kupata msaada.
- Hesabuni vitu vichache: wanafunzi waliopo, walimu waliopo, madawati, vitabu vya somo moja na vyoo vinavyotumika.
- Hesabuni siku tatu tofauti. Epukeni siku ya mgao na siku ya gulio, au andikeni wazi kwamba ilikuwa siku hiyo.
- Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe.
- Andikeni tarehe, saa na majina ya waliohesabu. Msiandike majina ya watoto.
- Msiongeze hata kidogo. Darasa la wanafunzi 118 liandikwe 118, si "karibu 150". Namba moja ikikutwa ya uongo, zote zitakataliwa.

Kabla ya kuchapisha takwimu mlizokusanya, jueni sheria ya mahali mlipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Takwimu ilirekebishwa mwaka 2018 ikafanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 ilirekebishwa tena na adhabu hiyo ikaondolewa. Hata hivyo, ni busara kuwapelekea matokeo viongozi wa shule na wa eneo kabla ya kuyasambaza.

Mwandishi akija kukuhoji

Una haki ya kukubali au kukataa. Kabla ya kujibu, muulize:

- Anatoka chombo gani, na je, ana kitambulisho na ruhusa ya kuingia kwenye makazi?
- Habari inahusu nini, na itatoka wapi? Kilicho kwenye intaneti kinaweza kusomwa hata nchi uliyoikimbia.
- Je, jina lako litatajwa? Unaweza kuomba libadilishwe na uso usionyeshwe. Sema hivyo kabla ya mahojiano kuanza.

Usimpe namba yako ya usajili, picha ya kadi yako, wala maelezo ya kesi yako. Mwandishi anayechunguza shule hayahitaji. Asipige picha ya mtoto wako bila idhini yako. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo Kenya na Uganda tangu 2019, na Tanzania tangu 2022.

Kuzungumza na mwandishi hakukupi nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtu akikuahidi hivyo, au akikuomba pesa ili "habari yako ifike mbali", si mwandishi wa kweli. Toa taarifa kwa ofisi ya ulinzi ya UNHCR au kwa polisi.

Ukiamua kuzungumza, eleza ulichokiona wewe mwenyewe. "Binti yangu alikaa chini muhula mzima, na darasani walikuwa 118" lina uzito kuliko "watoto wote hapa wanateseka". La kwanza linaweza kuhakikiwa, na mwandishi mzuri atakwenda kulihakiki.

Kwa ufupi

- Omba namba za shule moja moja. Wastani wa wilaya huficha shule iliyozidiwa.
- Uliza ni nani hakuhesabiwa.
- Haki ya kisheria ya kuomba taarifa ni ya raia, kwa hiyo wakimbizi na wenyeji washirikiane.
- Hesabuni kwa ukweli, bila kuongeza wala kuandika majina ya watoto.
- Linda taarifa zako mwandishi anapokuja.